Mizabibu Iacheni Mwaka Huu

Drumeni, Jumapili, 7 Septemba 2003

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe pamoja na Bibi Ottavia unayemtunza. Je, miguu yake bado inavimba? Mwalimu Zamfira anasema barua nzuri humuuliza kwanza anayeipokea, ndipo ijieleze yenyewe. Kwa hiyo nimeuliza, na sasa naanza.

Sisi hatujambo. Shule imefunguliwa tarehe mosi na nimeingia darasa la saba. Nilimpelekea mwalimu maua ya uani kwetu, yale ya zambarau, na shada langu halikuwa dogo kuliko ya wengine. Plamu zimekwisha kuchumwa. Jozi zimeanza kudondoka, na mikono yangu imekuwa myeusi kwa utomvu wa maganda. Darasani karibu sote tuna mikono kama hiyo, ila wale wanaokaa jirani na duka, ambao hawana miti.

Bibi anakusalimu sana. Safari hii hakuandika mstari wake mwishoni kwa sababu ana shughuli nyingi.

Nina ombi. Kila mwaka unamwandikia Bibi orodha ya kazi za kuifunga bustani kabla ya baridi, naye anasema, "Anifundisha mimi niliyemfundisha," halafu anaifuata neno kwa neno. Mwaka huu niandikie mimi. Nimekua, na mwandiko wako nausoma vizuri.

Jambo lingine. Shangazi Agafia, jirani yetu, amesema mwaka huu Waitalia wametoa karatasi za ukaazi kwa wanawake wengi wanaotunza wazee, na mwenye karatasi anaweza kuja nyumbani na kurudi bila kuzuiwa mpakani. Zako zimetoka? Siulizi kwa kukuharakisha. Miaka minne si mingi kwa mtu mzima, nadhani.

Barua naipeleka kwa mjomba Grigore. Gari lake la kwenda Italia linaondoka saa sita mchana kutoka kanisani, na leo limejaa jibini za watu hadi juu.

Binti yako akupendaye,
Aurica

*

Padova, 19 Septemba 2003

Aurica mwanangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, nimesimama, supu ikiungua. Bibi Ottavia hajambo, miguu ndiyo hiyo hiyo. Ameniuliza nacheka nini. Nimemwambia binti yangu ananipa kazi ya kuandika.

Haya, sikiliza. Viazi vitoke kwanza, siku kavu, vilale uani nusu siku kabla ya kushushwa kwenye ghala la chini. Vilivyokatwa na jembe viwekwe kando, vya mbuzi. Karoti na bitiruti zifukiwe mchangani ndani ya sanduku, zisigusane. Kabichi ziache mpaka mwisho, baridi kidogo huzitia utamu. Nyanya mbichi zilizobaki zitiwe pipani na chumvi, bizari na jani la mcheri. Bibi anajua kiasi. Mabua ya mahindi yakatwe yafungwe. Majani ya viazi yachomwe, yasizikwe, yana ugonjwa. Miti ya matunda ipakwe chokaa mashinani, mpaka usawa wa kiuno chako. Ngazi irudishwe darini.

Ni hayo tu. Usiinue pipa. Pipa ni kazi ya Bibi na Agafia.

Habari za karatasi bado naziulizia, mambo ya ofisi yanakwenda polepole. Nitumie picha zako mbili ndogo, za uso, bila kitambaa kichwani. Naona hamu ya kukuona.

Mwambie Bibi aache shughuli dakika moja aniandikie mstari.

Nakubusu,
Mama

*

Drumeni, 5 Oktoba 2003

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima. Picha mbili zimo ndani ya bahasha hii. Nilipigwa picha mjini tulipokwenda na shule. Nimekaza macho kwa sababu mpiga picha alisema nisitikisike.

Kazi zote ulizoandika zimefanyika au zinaendelea. Viazi ni magunia tisa. Karoti zimelala mchangani, hazigusani, nilizipima kwa kidole. Chokaa niliipaka Jumamosi. Mti wa aprikoti ulio karibu na lango umetoka vibaya kwa sababu upepo ulikuwa unavuma na nusu ya chokaa ikaniingia nywelani. Bibi alisema, "Mke mwenza, umezeeka kabla yangu." Alikuwa amekaa kibarazani akinielekeza.

Mama, orodha yako nimeisoma mara nyingi. Nimeilinganisha na ya mwaka jana ambayo Bibi huiweka nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikolai. Ya mwaka jana ina mambo mawili ambayo ya mwaka huu haina. Ya kwanza ni kupanda vitunguu saumu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dumitru. Ya pili ni kuilaza mizabibu na kuifukia kwa udongo isiuawe na baridi.

Nilidhani umesahau. Lakini wewe hukusahau hata ngazi.

Sikutaka kumwambia mtu, ila Shangazi Agafia aliniona nikihesabu nguzo za mizabibu. Akaegemea ua akaniuliza:

"Aurica wee, mama yako amewaagiza majani makavu ya kufunikia? Tudose wangu ana mengi, atawapa."

Nikasema bado hujaagiza.

"Bado? Na kufukia ataagiza lini, Krismasi?"

Nikasema hujaandika habari za kufukia.

Aliacha kuegemea ua, Mama. Unamjua Shangazi Agafia, akiuacha ua ni habari. Kisha akasema, "Akina Sandu nao hawakufukia, mwaka ule walipokwenda Ureno." Akaingia ndani.

Nakumbuka akina Sandu. Mizabibu yao ilibaki juu ya nyaya, baridi ya Januari ikaiua yote, na kabla hata haijafa mlango ulikuwa umetiwa kufuli. Hapa kijijini anayefukia ni yule atakayekuwepo kufukua. Hata watoto wa darasa la kwanza wanajua.

Kwa hiyo nakuuliza: ulisahau?

Binti yako,
Aurica

*

Padova, 17 Oktoba 2003

Aurica mwanangu,

Picha zako ni nzuri. Umekuwa mrefu usoni, kama babako.

Mizabibu iacheni mwaka huu. Ni kazi nzito, ina mashina ishirini na sita, na Bibi si kijana. Vitunguu saumu mnaweza kununua. Msihangaike na kila kitu. Wewe soma. Naambiwa lugha ya Kifaransa unaipenda; Kiitaliano kinafanana nacho, nakuletea kitabu kidogo kwa mkono wa Grigore, jaribu kurasa za mwanzo.

Agafia mwache aseme, kusema ndiko kunakomnenepesha.

Bibi hajaniandikia tena. Je, amenikasirikia?

Nakubusu,
Mama

*

Drumeni, 2 Novemba 2003

Mama,

Natumaini u mzima.

Kitabu kimefika. Kurasa za mwanzo zinafundisha namna ya kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni. Nimejifunza. Sijui najifunza ya nini.

Sikupata usingizi mzuri wiki hii, na darasani nimeandika mto Danube mahali pa mto wetu Dniester, jambo ambalo Mwalimu Zamfira amesema hakulitarajia kutoka kwangu. Siwezi kukaa. Nikikaa kusoma naona kuna jani uani, natoka kuliokota, nikiokota naona jingine. Nimefagia uani mara tatu jana. Majani ya mizabibu yamekwisha kuanguka yote. Matawi yamebaki matupu juu ya nyaya, na kutoka barabarani yanaonekana mpaka shina la mwisho.

Watu wameanza kuja. Alhamisi alikuja mzee wa upande wa kinu, akasimama langoni akitazama paa.

"Vigae hivi mmeviuza tayari?"

Bibi akamjibu kutoka dirishani, "Vigae vina mvua ya kuzuia. Wewe una nini?"

"Usinikasirikie, mama. Nimeona mizabibu iko juu, nikadhani mnaondoka."

Ijumaa akaja mwanamke kumuulizia mbuzi. Jumamosi Mzee Tudose mwenyewe, mume wa Shangazi Agafia, alikuja akaona haya, akazungumza habari za upepo, akazungumza habari za bei ya kuni, mwisho akasema kama pipa letu la mwaloni litakosa kazi, yeye angelitunza vizuri. Mzee Tudose, Mama, ambaye alinichongea kiti changu cha kwanza.

Vitunguu saumu nimepanda. Umesema tununue, lakini mbegu zilikuwepo zimetundikwa, nami niliona vibaya kuzitazama tu. Mistari minne. Ukinikasirikia nitakubali.

Kama nyumba unaiuza, niambie. Kama huji tena, niambie pia. Mimi nina miaka kumi na mitatu na naweza kuambiwa jambo. Kinachonishinda ni kuulizwa na watu langoni wakati mimi mwenyewe sijui.

Bibi hajakukasirikia.

Aurica

*

Drumeni, 2 Novemba 2003

Raisa,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usiucheke. Mtoto yuko kanisani. Barua hii nampa Grigore mwenyewe, ataichanganya na yake, asijue.

Wa kulia nimeuvunja. Tarehe ishirini na nane Agosti, ngazi ya mti wa plamu. Kifundo. Hospitali walinifunga plasta, wameifungua, wakanifunga nyingine kwa sababu haukuunga sawa. Siwezi kushika kisu. Mtoto alinilisha kiapo mbele ya picha ya mtakatifu kwamba sitakuambia. Aliniambia, "Mama akijua ataacha kazi aje, halafu hawatamruhusu kurudi, itakuwa sisi tumemharibia." Nikaapa. Sasa navunja kiapo, Mungu ana habari zangu nyingine nyingi za kushughulikia.

Magunia yote tisa kachimba yeye. Pipa kalijaza kwa ndoo, kidogo kidogo, ili asiliinue, kwa kuwa ulimkataza kuliinua. Chokaa yeye. Anaamka kabla ya mbuzi. Mimi nakaa kibarazani kama malkia na kupiga kelele.

Raisa, picha mbili ndogo za uso haziwekwi kwenye albamu. Mimi si mjinga. Nimeelewa unamchukua. Na mimi bila shaka napelekwa kwa ndugu yako Simion mjini, ghorofa ya tano, lifti imekufa. Nikishuka kununua mkate nitarudi Pasaka.

Sisemi usimchukue. Ni mtoto wako, na msichana anahitaji mama kuliko anavyohitaji mbuzi. Nasema usimchukue kwa ukimya. Umeiambia barabara nzima kabla ya kumwambia yeye. Umekaa huko mpaka umesahau kwamba huku mzabibu ulioachwa juu ni tangazo.

Mwandikie. Maneno yanyooke.

Mkono umechoka.

Mama yako,
Parascovia

*

Padova, 9 Novemba 2003

Aurica mwanangu,

Naandika Jumapili mchana, ndiyo mapumziko yangu. Kwa kawaida mimi huenda bustanini kwenye mabenchi wanakokaa wanawake wa kwetu. Leo sikwenda. Nimezunguka mtaa huu mara nne nikitafuta namna ya kuanza.

Najua habari ya mkono wa Bibi. Usimkasirikie. Nimesoma kwamba umejaza pipa kwa ndoo kwa sababu nilikukataza kuliinua, nikakaa kwenye ngazi za jengo kwa muda, na mtu akaniuliza kama naumwa.

Sasa ukweli, mmoja mmoja.

Karatasi zangu zimetoka tangu mwanzo wa Septemba. Nilikuandikia kwamba bado. Nilikudanganya.

Nyumba siuzi. Sikuwahi kufikiria kuuza. Lakini nilipanga kuja Januari, nina likizo ya siku kumi tu kwa mwaka mzima, nikuchukue uje uishi nami. Bibi Ottavia amekubali, chumba kidogo kipo, nimeweka pazia. Shule iko dakika saba kwa miguu, nimezihesabu. Bibi angekwenda kwa mjomba wako Simion. Niliona kwamba nikikuambia Septemba, ungekaa miezi minne ukiaga kila kuku. Nikadhani nakupunguzia. Na mizabibu nilisema iachwe kwa sababu hakungekuwa na mtu wa kuifukua. Hilo lilinitoka tu, kama hesabu. Sikukumbuka kwamba watu wangepita langoni. Tudose kuomba pipa! Mimi ndiye niliyemfungulia lango.

Nataka uje. Nalala katika chumba cha mtu mwingine, nasikiliza pumzi za mtu mwingine, na wangu yuko mbali ananijazia pipa. Siku nyingine nakasirika na karoti zile kwamba zinakuona kila siku.

Lakini uliniandikia kwamba unaweza kuambiwa jambo. Basi pia unaweza kuulizwa. Nakuuliza: unataka nini? Usinijibu kama mtoto mwema. Nijibu tu.

Siahidi kwamba nitakubali.

Mama yako

*

Drumeni, Jumapili, 23 Novemba 2003

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na natumaini Jumapili hii umekwenda kukaa na wenzako.

Kwanza nikuungamie jambo. Barua yako ilifika tarehe kumi na sita. Sisi tulikuwa tumeshaifukia mizabibu tarehe kumi na mbili na kumi na tatu, bila ruhusa yako. Redio ilisema sakitu kali, ile barafu ya alfajiri, inakuja, na asubuhi ile hata maji ya mbuzi yalikuwa na ngozi ya barafu. Bibi alitazama nje akasema, "Mama yako na aseme atakalo. Mzabibu haujui kusoma." Akavaa koti la marehemu Babu.

Unajua kazi ile inataka watu wawili, mmoja wa kuyalaza matawi na kuyashikilia chini, mwingine wa kurusha udongo. Bibi kwa mkono mmoja hawezi kushikilia, yanamponyoka na kumchapa. Tulijaribu kwa mawe, yakaruka. Basi Bibi akaleta mto wa kiti, akauweka juu ya matawi yaliyofungwa, akaukalia. Akakaa juu ya mzabibu kama mtu aliyepanda ndama, plasta yake ameinyoosha mbele, mimi nikarusha udongo pande zote, kisha akanyanyuka taratibu na mimi nikaziba katikati. Shina moja, akanyanyuka, shina jingine, akakaa. Mashina ishirini na sita. Kwenye shina la nane Mzee Tudose alikuja na jembe lake, hakusema kitu habari za pipa, akaanza kuchimba upande wa pili. Bibi akamwambia, "Umechelewa, lakini udongo upo." Shangazi Agafia alituletea ugali wa mahindi na jibini, akasimama akitazama, akasema hajawahi kuona mzabibu unaatamiwa. Bibi alicheka mpaka akaanguka kando, kwenye udongo laini, na hakuvunja kitu.

Sasa kutoka barabarani inaonekana milima midogo ishirini na sita. Hakuna tena anayesimama langoni.

Umeniuliza nataka nini, na hukutaka nijibu kama mtoto mwema. Nimeandika jibu mara tano na kulichana. Mara ya kwanza niliandika kwamba sitaki kuja. Haikuwa kweli. Mara ya pili niliandika kwamba nataka kuja, na hiyo pia haikuwa kweli yote. Nataka kuona pazia ulilolitundika. Nimehesabu dakika saba kutoka langoni kwetu, nikafika nusu ya njia ya shule, nikasimama pale nikafikiri, sasa ningekuwa nimefika shuleni, na Mama angekuwa anafungua dirisha. Lakini Bibi hajui kusema na mtu kwa upole, na mjini kwa mjomba Simion watamwona mkali, hawatajua kwamba ndivyo anavyopenda watu. Nani atacheka naye?

Kwa hiyo nina ombi moja tu, nalo si jibu. Usije Januari. Siku zako kumi usizitumie Januari, wakati kila kitu kimelala na utanikuta mimi na sanduku tu. Njoo Machi, wakati wa kufukua. Tukae watatu, Bibi akiwepo aseme yake, na mimi niseme yangu mbele yako, maana kwenye karatasi inageuka kila nikiisoma tena. Ukisema baada ya hapo kwamba tunakwenda, nitakwenda, na sitanuna.

Kuna na sababu nyingine, ya kazi. Mizabibu ikifukuliwa mapema, sakitu ya mwisho inaiua. Ikichelewa, macho yake ya kuchipulia yanaoza chini ya udongo. Nimemuuliza Bibi siku yenyewe ni ipi nikaiandike kwenye daftari. Amesema haiandikwi. Mtu huingiza mkono ndani ya udongo mpaka kifundo, akausikiliza. Alijaribu kunionyesha kwa mkono wa kushoto, akasema ule hauna akili. Wa kulia, plasta itatoka, lakini daktari amesema vidole viwili huenda visisikie tena baridi wala joto. Wangu bado haujui.

Uliobaki ni wako.

Binti yako akupendaye,
Aurica

*

Padova, 5 Desemba 2003

Mwanangu,

Bibi Ottavia ameuliza Machi kuna sikukuu gani kwetu. Nimeshindwa kumweleza, nimemwonyesha kwa mikono, ameelewa kitu fulani, akakubali. Naondoka na gari la Grigore tarehe ishirini Machi.

Kuhusu huo mkono wangu, siahidi chochote. Umekaa miaka minne ndani ya maji ya sabuni, sijui kama bado unajua. Tutaujaribu.

Msiguse udongo mpaka nifike.

Mama